Bwana Harusi wa Kilolo

Kila Jumatatu kwa wiki tatu nilipiga simu Kilolo, na kila Jumatatu nilijibiwa kwamba mashine inafanya kazi vizuri.

"Vizuri sana, mwalimu," alisema Eveline. "Hatuna neno. Tunakushukuru tu."

Nilimwamini. Nilikuwa na miaka ishirini na nne na shahada ya uhandisi niliyoipata miezi minane nyuma, na mashine hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Ilikuwa mkono wa roboti, mmoja tu, uliokwisha kutumika katika kiwanda cha nchi nyingine kabla ya kufika kwenye karakana yetu ndogo ya Mbeya. Mimi na mwenzangu Isakwisa tuliusafisha, tukaubadilishia nyaya, kisha tukaanza kazi tuliyoiona kuwa kubwa zaidi: kumwezesha mtu asiye mhandisi kuuelekeza mwenyewe. Roboti za viwandani zinajua kurudia, lakini kila kazi inapobadilika lazima aje mtaalamu aziandikie maagizo upya. Sisi tulitaka maagizo hayo yatolewe na yule yule anayeifanya kazi.

Kazi ya Kilolo ilikuwa kupanga maboksi ya parachichi. Boksi linafika mwisho wa mstari wa kufungashia, mtu analinyanyua, analiweka juu ya paleti, lile jukwaa la mbao linaloingizwa kwenye gari na mzigo wake mzima. Kila mnunuzi ana boksi lake, kwa hiyo mpango hubadilika mara mbili au tatu kwa wiki.

Eveline alikuwa ameifanya kazi hiyo misimu sita, na hakuna aliyempita kwa kasi. Mwaka jana mgongo ukamharibikia. Daktari alimkataza kunyanyua kitu kizito kuliko ndoo ndogo ya maji, na akamkataza kuinama, kwa hiyo hata meza za kuchambua matunda zikawa si zake tena. Alhaji Shamsudin, mwenye kiwanda, mtu wa Iringa mjini, alitueleza jambo hilo waziwazi siku tuliyouleta mkono.

"Nawapa mwezi mmoja," alisema. "Eveline akiweza kuiongoza mashine hii peke yake, bila mhandisi kutoka Mbeya, mashine inabaki na yeye anabaki. Asipoweza, mtachukua mashine yenu, na yeye sina pa kumweka. Siwezi kumkalisha mtu pale kwa huruma. Wenzake watasema nini?"

Niliona mwezi mmoja ni muda mwingi. Nilikuwa nimetumia miezi miwili kutafsiri kila neno lililo kwenye kioo cha kishikwambi cha kuongozea mkono. Maneno sitini na mawili. Nilikesha na kamusi nikapata "mhimili wa pili", nikapata "kitovu cha marejeo", nikapata "uelekeo wa awali", nikafurahi kama mtu aliyechimba kisima. Nilifundisha siku tatu, mvua ikinyesha juu ya bati hadi sauti ikanikauka. Mwisho walipiga makofi, mmoja wao, Obeid, akaomba sala ya kufunga, wakanipa jogoo. Kwenye ripoti niliandika: washiriki wote wameelewa.

Wiki ya nne nilikwenda bila kupiga simu. Sikutaka kumvizia mtu. Isakwisa alihitaji kumbukumbu za mashine kwa ajili ya ripoti, nami nilikuwa na hamu ya kuwaona.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, ukungu haujatoka kwenye mipaina. Wa kwanza kuniona alikuwa Juliana, mama wa makamo ambaye banda zima la kufungashia humwita shangazi.

"Kamwene, mwalimu!" alinisalimu kwa Kihehe, kwa sauti kubwa kuliko inavyohitajika kwa mtu aliye hatua tano. "Jamani, mwalimu amekuja!"

Nikatazama mwisho wa mstari. Mkono wa roboti ulikuwa umevalishwa kitenge cha maua ya njano. Haukuwa umefunikwa tu. Kitenge kilishonwa kwa vipimo, kikaufuata mkono hadi kwenye kiganja. Pembeni yake Sosthenes, kijana mpana wa mabega, alikuwa akipanga maboksi huku jasho likimtiririka. Eveline alisimama karibu naye, kishikwambi amekikumbatia kifuani kama mwanakwaya aliyeshika kitabu cha nyimbo.

"Imepumzika kidogo," alisema Obeid, kisha akatazama viatu vyake. Obeid ndiye anayeongoza sala ya asubuhi pale bandani, na uongo haumkai.

Nilifungua kumbukumbu za mashine. Tangu nilipoondoka, mkono ulikuwa umenyanyua maboksi arobaini na moja. Yote siku ya kwanza.

Nilikaa juu ya kreti.

"Mwalimu, usilie," alisema Eveline.

"Silii."

"Unalia."

Nilijifuta kwa mkono wa koti. Mstari ulisimamishwa, wakanizunguka, na polepole nikaelezwa. Siku ya kwanza baada ya kuondoka kwangu boksi lilibadilika. Eveline alijaribu kuandika mpango mpya, mkono ukaenda ukutani badala ya kwenye paleti, ukasimama. Akajaribu tena, ukaenda upande ule ule wa ukuta. Tangu hapo Sosthenes alimnyanyulia asubuhi na Obeid alimnyanyulia mchana, naye akashika kishikwambi, ili Alhaji akitokea ghafla amkute kazini.

"Kwa nini hamkuniambia? Nimepiga simu mara tatu."

"Tungekuambiaje?" alisema shangazi Juliana. "Umekuja hapa na mvua, mtoto wa watu, umesimama siku tatu. Kila ukimaliza unauliza, 'Mmeelewa?' Sasa mtu mwenye adabu zake atajibu nini?"

"Angejibu hajaelewa."

"Mbele ya watu? Akuaibishe?"

Walikuwa wamebeba maboksi yote yale, tena kwa zamu, kwa ajili ya kazi ya Eveline na kwa ajili ya moyo wangu, na kila boksi walilobeba lilimsogeza Eveline karibu zaidi na siku ya kuondoka. Mwezi ulikuwa unaisha Ijumaa.

"Basi niambieni sasa," nikasema. "Ni nini kigumu?"

Obeid alirudi kutazama viatu vyake.

"Ni nzuri tu," alisema Sosthenes. "Labda sisi ndio wazito."

Nikaona kwamba nimewauliza swali lile lile kwa sura nyingine. Bado nilikuwa mgeni, bado nilikuwa mwalimu, na jibu la kweli bado lilikuwa tusi. Ndipo nikakumbuka mtu mmoja pale bandani ambaye hasitiriwi hata kidogo: kibarua mpya. Nilipokuwa nafundisha nilimwona msichana aliyeanza kazi siku hiyo akichekwa na kukaripiwa na mstari mzima, naye akicheka pamoja nao, kwa sababu wote walipitia hapo.

Nikavua koti.

"Leo mimi ni kibarua mpya. Nimekuja kutafuta kazi ya kupanga. Sijui kitu. Nifundisheni."

Walitazamana. Shangazi Juliana akanipima kuanzia kichwani.

"Kibarua, na viatu hivyo? Ulikuwa unakwenda harusini ukapotea njia?"

Banda likacheka, na mimi nikajua nimeingia.

Kwao kibarua hafundishwi kwa maelezo. Mwalimu na mwanafunzi hushika boksi moja, huyu upande huu na yule upande ule, wakitazamana, na kulibeba pamoja hadi mahali pake. Shangazi alishika upande wake, mimi wangu.

"Nipeleke kushoto?" niliuliza.

"Kushoto kwa nani? Kwangu ni huku, kwako ni kule. Tutavutana mpaka jioni. Peleka mlangoni."

Tukapeleka mlangoni.

"Haya, shusha. Polepole! Kwani ni mahindi hayo? Hapo. La pili kwenye mzani. La tatu kwa Obeid."

"Kwa Obeid ni wapi?"

"Anaposimama Obeid! Huoni mtu mzima?"

Tulipomaliza safu ya chini nilisubiri maagizo ya safu ya pili. Shangazi alikwisha kuweka mikono kiunoni.

"Unangoja nini?"

"Safu ya pili inakuwaje?"

"Hivyo hivyo, ila geuza. Ukisimama hivyo na wewe utakuwa kama Bwana Harusi."

Kicheko kilianza kisha kikakatika. Watu wakatazama chini.

"Bwana Harusi ni nani?"

Eveline alijizuia, akashindwa. Akanyoosha kidole kwenye kitenge cha maua ya njano. "Si huyo. Kaletwa kwa shangwe, kavalishwa, kakaa, na wengine ndio wanahangaika."

Nilicheka hadi nikashika ubavu, na nilipocheka wao wakafunguka. Maneno yalitoka kwa mpigo kama watoto waliotolewa darasani.

"Na yale maneno yake! 'Kitovu cha marejeo'!"

"Mimi hapo nilidhani ni mambo ya hospitali," alisema Sosthenes.

"'Mhimili wa pili'. Nilimwuliza mchungaji," alisema Obeid, "akaniambia nimwache afikirie. Mpaka leo anafikiria."

"Ukiandika kulia," alisema Eveline, na yeye hakuwa anacheka tena, "inakwenda kushoto. Nikajua ni mimi. Nilirudia mara nane. Nilisema, huu mgongo umeshuka na akili."

Nikasimama pale walipokuwa wakisimama wao. Karakanani Mbeya, mimi na Isakwisa tuliutengeneza mkono tukiwa nyuma yake, kwa hiyo kulia kwake kulikuwa kulia kwetu. Lakini wao, kwa desturi ya banda lao, walisimama mbele yake wakiutazama, kama mtu anavyomtazama mwenzake waliyeshikana naye boksi. Kulia kwa mashine kulikuwa kushoto kwa Eveline. Alikuwa amepatia mara zote nane.

"Dada Eveline," nikasema, "hukukosea wewe. Nilikosea mimi."

Alinitazama muda mrefu. Nadhani alikuwa anapima kama hiyo nayo ni adabu tu.

Jioni ile nilimpigia Alhaji Shamsudin nikamweleza yote, kwamba mashine haijafanya kazi, kwamba maagizo yake niliyaandika vibaya, na kwamba Eveline hana kosa.

"Ijumaa nitakuja na gari la mzigo," alisema. "Nataka nimwone yeye, si wewe. Wewe utakaa nje."

Jumatano nilivuta meza karibu na dirisha la banda nikaanza kufuta. Nilifuta mihimili, nikafuta vitovu, nikafuta kulia na kushoto. Isakwisa alipoona kwenye kompyuta yake Mbeya, alinipigia.

"Happy, unaondoa kila kitu! Mhandisi akifungua hiki atacheka."

"Mhandisi hatakifungua."

"Na wewe umehangaika na yale maneno miezi miwili."

"Najua," nikasema, nikafuta jingine, ingawa niliyapenda.

Vikabaki vitufe vitano, na majina yake niliyaokota bandani. "Nifuate": ukikibonyeza, mkono unalegea, unaushika kwenye kiganja na kuuongoza popote. "Hapa": mkono unakumbuka mahali ulipofikishwa. "Hivyo hivyo": unarudia safu iliyotangulia. "Geuza". Na "Ngoja", chekundu, kikubwa kuliko vyote. Mahali palipewa majina na watu wa banda wenyewe. Palikuwapo "mlangoni", palikuwapo "kwenye mzani", na palikuwapo "kwa Obeid", ingawa Obeid alidai ni kumfanyia mzaha.

Alhamisi Eveline alijaribu. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kila anapokwama aseme "sielewi", nami nitaandika. Mara ya kwanza alilitamka kama anayeungama dhambi. Kufikia mchana alikuwa ananirushia tu.

"Sielewi hapa, Happy. Kimeandikwa 'tayari', tayari kwa nini?"

"Na hapa sielewi. Mbona kinalia?"

Mwalimu alikuwa amekwisha, nilikuwa Happy. Mara kumi na nne alisema haelewi, na mara kumi na nne nilibadilisha. Jioni mkono ulipanga paleti mbili za maboksi ya siku zote, taratibu, bila mtu kuugusa. Kila mara mkono ulipopita karibu na shangazi ulipunguza mwendo, kama tulivyoufundisha, na shangazi aliuambia ahsante.

Ijumaa saa tatu gari la mzigo liliingia uani, na Alhaji nyuma yake. Alivaa kanzu nyeupe na sweta, akasalimia watu wote kwa majina. Kisha akamkabidhi Eveline boksi tupu.

"Mnunuzi mpya. Mnayo mia mbili kule yameshafungashwa. Nataka paleti moja."

Boksi lilikuwa refu na jembamba kuliko yote tuliyojaribu. Hatukuwahi kuliona. Nikatoka nje kama nilivyoagizwa, nikasimama mlangoni ambako ningeweza kuona bila kusikika.

Eveline hakugusa kishikwambi. Aliomba maboksi matupu kumi, mepesi hata kwa mgongo wake, akayapanga juu ya paleti kwa mikono yake, akichuchumaa badala ya kuinama, akayabadilisha, akazunguka, akayabadilisha tena, hadi yakaenea bila pengo. Jambo hilo mimi sikumfundisha, na wala sikulifikiria. Ndipo akabonyeza "Nifuate", akaushika mkono kwenye kiganja na kuupeleka juu ya boksi tupu la kwanza. "Hapa." La pili. "Hapa." Alikwenda nao bila haraka, akiutazama usoni, kama mashine ina uso. Alipofika la kumi aliyaondoa matupu yote, akarudi nyuma, akauachia.

Safu ya kwanza ikakaa. Akabonyeza "Hivyo hivyo" na "Geuza", safu ya pili ikaanza. Dereva wa gari aliwasha injini kuonyesha kwamba yuko tayari. Maboksi manne ya safu ya pili yalikuwa yamekaa, na la tano liko hewani, Eveline alipobonyeza kitufe chekundu.

Mkono ukasimama na boksi lake.

"Imeharibika?" aliuliza Alhaji.

Eveline alisogea, akainamisha kichwa bila kuinamisha mgongo, akachungulia ubavu wa maboksi. Nilishika ukingo wa mlango. Ningeweza kufika pale kwa hatua kumi. Dereva akapiga honi.

"Haijaharibika, Alhaji," alisema Eveline. "Ni mimi. Boksi hili matundu yake yako ubavuni tu. Nikiligeuza, ya la chini na ya la juu hayalingani. Hewa ya baridi haipiti. Yatafika Dar es Salaam yamechemka."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo nayatoa haya manne, naanza safu ya pili upya bila kugeuza. Na pembeni tufunge mikanda, yasiyumbe. Subiri kidogo."

Alimwambia Alhaji asubiri. Nikamwona shangazi Juliana akifunika mdomo.

Alhaji alitazama boksi lililokuwa hewani, akamtazama Eveline, akatazama saa yake. Kisha akatoka hadi mlangoni, akanipita bila kunitazama, akamwinulia dereva mkono.

"Zima gari!" akasema. "Wewe una haraka ya kwenda wapi? Hawajamaliza."

Akarudi ndani, akavuta kreti, akakaa.

Sosthenes aliyatoa maboksi manne, na lile lililokuwa hewani. Eveline alibonyeza "Hivyo hivyo", safari hii bila "Geuza", na mkono ukaendelea, safu juu ya safu, matundu yakilingana kuanzia chini hadi juu kama madirisha ya ghorofa. Ilichukua karibu saa nzima. Mtu mwenye nguvu angemaliza kwa nusu ya muda huo. Alhaji alisukuma pembe ya mzigo uliofungwa mikanda kwa kiganja, kisha kwa bega. Haukutikisika.

"Jumatatu linakuja boksi jingine," alimwambia Eveline. "Sijui limekaaje."

"Lilete tu."

"Basi uwahi." Akakusanya kanzu yake, akaenda kuhesabu mzigo. Aliponifikia mlangoni alisimama kidogo. "Na wewe, ukitaka kuniambia ukweli tena, nipigie mapema. Usingoje wiki ya nne."

Gari liliondoka. Mimi nikabaki, nikizungukazunguka bandani bila kazi, nikipangusa hiki na kile. Sikuwa na sababu ya kubaki isipokuwa furaha. Baada ya muda Kudra, binti wa mstari wa pili, alinijia akiwa amebeba boksi.

"Dada Happy, hii nikitaka isimame kidogo halafu iendelee, nafanyaje?"

Nilifungua mdomo.

"Happy," aliita Eveline kutoka kule alikokuwa. "Gari la Iringa linaondoka saa ngapi?"

"Lipo la saa nane."

"Nenda na la saa sita."

Nilidhani nimesikia vibaya. Alikuja hadi nilipo, akaniwekea mkono begani, na kwa mara ya kwanza akaniita mdogo wake.

"Mdogo wangu, ukikaa hapa watakuwa wanakuuliza wewe. Mpaka lini?"

Nilichukua koti langu. Eveline alikuwa amekwisha kumgeukia Kudra.

"Njoo huku. Weka hilo boksi chini kwanza. Shika hapa, kwenye kiganja chake. Usiogope, haikuumi. Simama mbele yake. Haya, unataka kuipeleka wapi?"